Nyaya Zilizokatwa kwa Kisu

Mtaani walimwita Mkaguzi, ingawa alikwisha kustaafu ukaguzi wa shule na siku hizi hakuwa na cha kukagua ila maua ya mkewe. Jina lilimkaa mwilini kama suti ya kupimwa. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Akiingia nyumba ya watu akaona picha imepinda ukutani, haketi mpaka ainyooshe. Akipita penye tangazo lililobandikwa nguzoni, atasimama, atoe kalamu, aongeze herufi iliyosahauliwa. Watoto walimwogopa, wazazi walimheshimu, naye alilijua hilo na lilimpendeza.

Ukuta mmoja tu ulimtenga na dereva wa teksi. Kila asubuhi dereva huyo aliosha gari lake milango yote ikiwa wazi, redio ikiimba, na siku zote ilikuwa sidii ileile. Kulikuwa na wimbo wa dansi wa zamani, mwanamume anamsihi mkewe arudi nyumbani, na sidii ilikuwa na mkwaruzo hapohapo penye kusihi. "Rudi," mwimbaji alisema, na sidii ikakwama: rudi, rudi, rudi, kisha ikaruka moja kwa moja hadi kwenye tarumbeta. Mtaa mzima uliuzoea mruko huo. Wanawake wakianika nguo waliimba wimbo pamoja na kasoro yake. Mkaguzi alikuwa akilalamika kwamba ni kelele, lakini alikuwa akinyoa ndevu kwa kuufuata, na alijua ni wapi pa kuuinua wembe.

Siku moja asubuhi ikawa kimya. Kioo cha teksi kilikuwa kimevunjwa na redio imeng'olewa. Kwenye dashibodi palibaki shimo na nyaya zinaning'inia. Majirani walikusanyika uani kwa dereva kumpa pole, kila mtu na mwizi wake wa kumshuku. Mkaguzi aliwaacha waseme, kisha akakohoa, na watu wakanyamaza kama walivyozoea kunyamaza akikohoa.

"Msihangaike na mwizi," alisema. "Wizi hauanzi kwa mwizi, unaanza kwa mnunuzi. Huko sokoni kuna mtu mwenye heshima zake atainunua redio hii na hatauliza imetoka wapi. Huyo ndiye aliyevunja kioo cha kijana wetu."

Maneno hayo yaliwaingia watu. Mwenye duka aliyarudia kwa wateja siku kadhaa, na mshonaji wa pembeni ya barabara, mjane mpole aliyeibiwa cherehani yake mwezi uliotangulia, alitikisa kichwa akasema mzee amenena.

Sasa, Mkaguzi naye alikuwa na gari, la kizamani lakini la kutunzwa, na redio yake ilikuwa ileile iliyotoka nalo kiwandani. Ilianza kwa kukoroma, ikafuata kumeza vituo, mwishowe ikawa inatoa mvumo mtupu kama nyuki ndani ya chupa. Watoto wake, mapacha waliokuwa na kazi zao mbali, walimwambia aipeleke kwa fundi. Hakutaka. Alikuwa ametazama kwenye simu jinsi watu wanavyobadilisha redio wenyewe, akaona ni kazi ya mtu yeyote mwenye mikono miwili na subira, na subira aliamini anayo.

Akaenda soko la vipuri vya mitumba. Meza ya redio ilikuwa ya kijana mmoja mwenye kofia nyekundu, mchangamfu, anayewaita wateja wote bosi. Alimwonyesha Mkaguzi redio moja nyeusi, uso wake hauna alama, taa zake za buluu kama zile za kwenye ndege.

"Mali safi hii, bosi. Imetoka kwenye gari la mama mmoja, kaligonga kidogo tu akaliuza."

Mkaguzi aliigeuza. Nyuma yake palipaswa kuwa na nyaya zinazoishia kwenye soketi. Soketi haikuwapo. Nyaya zilikuwa vipande vifupi, vyote vimekatwa urefu mmoja, kwa mshazari, kwa mpigo mmoja, kama majani ya kitunguu kwenye ubao wa jikoni.

Alisimama nayo mkononi. Mwenye gari anayeuza redio yake huichomoa soketi. Anayeikata kwa kisu ni mwenye haraka, na mwenye haraka ya namna hiyo ni mtu wa aina moja tu. Mkaguzi alilijua hilo kama alivyojua irabu. Kijana alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anasema kitu.

Kisha Mkaguzi akaigeuza tena, redio ikamwelekezea ule uso wake mzuri. Alijiambia kwamba gari lililogongwa hubomolewa ovyo, na wabomoaji hawana adabu na nyaya. Alijiambia kwamba hata kama si hivyo, ulimwengu una redio nyingi. Yeye ambaye hata kibiriti alikidaia risiti, siku ile hakudai. Aliikubali ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akaipachika kwapani, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi mkutano.

Aliifanya kazi Jumamosi, mkewe akiwa barazani anachambua mchele. Mke huyu alikuwa mwalimu wa hisabati enzi zake, mtu wa maneno machache. Aliuliza boksi la redio liko wapi. Akajibiwa kwamba kitu kilichotumika hakiji na boksi. Alimtazama mumewe mara moja, akarudi kwenye mawe yake.

Mkaguzi alianza kama alivyofundishwa na simu: akalegeza kichwa cha hasi cha betri, akakiweka kando kisiguse chuma. Alitandika taulo juu ya gia. Fremu ya plastiki inayoizunguka redio ilibanwa kwa vishikizo vya ndani, na kwa kuwa bisibisi ingeikwaruza, alitumia mpini wa mwiko, akiusukuma taratibu pembeni, huku anashika pumzi, mpaka vishikizo vikaachia kimoja kimoja, tak, tak. Chini yake kulikuwa na skrubu nne. Alizipanga kwenye kisosi. Redio ya kiwandani ikatoka kwa kusitasita na vumbi la miaka yake yote, na nyuma yake soketi nzima, safi, nyaya zake zimelala kwa mpango. Aliichomoa, akaiweka juu ya kitambaa.

Hapo ndipo njia ilipokwisha. Soketi ya gari haikuwa na mwenzake wa kuingia, kwa sababu mwenzake alibaki kwenye gari la mtu mwingine. Alilazimika kukata soketi ya gari lake mwenyewe. Aliketi na kisu cha jikoni mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakata, akamenya ncha, akaanza kuoanisha: waya wa umeme wa kudumu kwa wa kudumu, wa swichi kwa wa swichi, wa ardhi kwa wa ardhi, spika kwa spika. Alizisokota mbilimbili, akazifunga utepe wa umeme, kila fundo kwa ustadi, kana kwamba unadhifu ungefuta kitu. Vile vipande vifupi vilimtesa. Kila alipovishika vidole vyake vilihisi ule mshazari wa kisu. Alipomaliza aliingiza redio, akakaza skrubu zote nne, akarudishia fremu, akaifuta kwa kitambaa. Ilikaa kama imezaliwa humo.

Akarudisha betri. Akageuza ufunguo. Kimya. Alivuta tena redio yote, akakuta waya wa ardhi umelegea, akausokota upya, akakaza tena skrubu zake. Mkewe alikuja na chai, akasimama mlangoni mwa gari. Mkaguzi, jasho likimtiririka hadi shingoni, alitabasamu kama mvulana. Akabonyeza kitufe. Taa za buluu zikawaka, kitu ndani kikazunguka, na kwa kuwa hakujua sauti imeachwa wapi, spika nne zikafunguka kwa nguvu zao zote.

Lilikuwa dansi la zamani. Mwanamume anamsihi mkewe. Mkaguzi alilitambua kwa mgongo kabla ya masikio. Mkono ulikwenda kutafuta kitufe, ukabonyeza kisicho chenyewe, na wimbo ukazidi kupanda. Rudi, redio ilisema. Rudi, rudi, rudi. Halafu tarumbeta.

Alipofanikiwa kuizima, mtaa wote ulikuwa umesikia. Upande wa pili wa ukuta ndoo iliwekwa chini. Mkewe alikuwa bado ameshika kikombe. Hakukimwaga hata tone.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua kwamba ni yake. Mimi nikipanda teksi yake hukaa nyuma, sijawahi hata kuiona sura."

"Sikukuuliza ni ya nani. Nimekuuliza kama ulijua."

Lango lilikwisha kufunguliwa. Dereva aliingia na mikono yenye povu, nyuma yake mwenye duka na majirani wengine wawili watatu waliovutwa na wimbo. Mkaguzi alitoka garini.

"Shikamoo mzee," dereva alisema, kwa adabu ya kila siku. "Nimesikia wimbo wangu."

"Marahaba." Ikabidi aongeze kitu. "Niliikuta sokoni."

Alikusudia kuendelea, lakini ulimi ulikwama hapo kama sidii. Dereva aliinama akachungulia ndani ya gari. Aliiona redio yake katika dashibodi ya mwenzake, fremu imerudishwa, imefutwa inang'aa. Aliiona redio ya kiwandani juu ya kitambaa, na kisu, na vipande vya utepe. Mwenye duka alirefusha shingo. Mkaguzi alisubiri kuvuliwa nguo mbele ya watu, na aliona afadhali ifanyike upesi.

Dereva akanyooka, akawageukia wale wengine.

"Mnaona mambo ya wazee," alisema. "Mimi nimekaa nalia, mwenzenu kaingia sokoni kimyakimya, kaitafuta redio yangu mpaka kaipata. Na hakuniletea hivihivi, kaifunga kwanza kwake aone kama bado nzima."

Watu wakaguna kwa furaha. Mwenye duka alikumbusha kwamba ni huyuhuyu aliyesema wizi unaanza kwa mnunuzi. Kumbe alikuwa anajua atakalofanya. Mmoja akamshika mkono Mkaguzi akautikisa. Neno moja tu lilihitajika, hapana, neno ambalo maisha yake yote alikuwa akiwaambia walimu wakuu wa shule bila kupepesa. Halikutoka. Aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu, wakamsifia na huo.

Kabla jua halijashuka alikuwa ameing'oa redio akaipeleka. Dereva alisema ataitafutia fundi; Mkaguzi alishikilia kwamba ataifunga kwa mikono yake. Wakaketi wote wawili mbele ndani ya teksi, na hapo Mkaguzi akagundua kwamba kiti cha mbele kilikuwa na kiraka alichokishona mtu kwa uzi wa rangi nyingine. Dereva aliushika mwanga wa simu, yeye akamenya nyaya. Zile za teksi zilikuwa na mshazari uleule. Ncha kwa ncha, zilipokutana, zilifanana kama nusu mbili za kitu kimoja.

"Kijana wangu," alisema, bila kuinua macho. "Mimi sikuitafuta redio hii. Niliinunua. Nilikuwa naitaka iwe yangu."

"Najua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipochungulia. Mtu anayejaribu redio hakazi skrubu zote akarudishia na fremu."

Mkaguzi aliuliza basi kwa nini alisema vile mbele ya watu. Dereva alihamisha mwanga mkono wa pili, maana wa kwanza ulikuwa umechoka.

"Ningesema nini? Tumegawana ukuta. Ukivuliwa nguo wewe, upepo unanipiga na mimi." Alicheka kidogo, peke yake. "Halafu redio nimepata. Nikikuaibisha nitapata redio ya pili?"

"Nitawaambia mwenyewe."

"Ukitaka kusema, sema, mdomo ni wako. Mimi langu nimeshalisema."

Hakukuwa na kinyongo katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Mkaguzi. Angekuwa na kinyongo wangekuwa sawasawa. Alifunga utepe wa mwisho, akaomba radhi, akapewa, akarudi kwake kwa mlango wa uani asikutane na mtu.

Usiku huo alimwambia mkewe kwamba atasema. Mkewe alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Alisema mapacha wamekwisha kupiga simu. Habari zimewafikia, mmoja amewahadithia wakubwa zake kazini kwamba baba yake ni mtu wa namna hiyo. "Hatukuwaachia shamba wala nyumba ya kupangisha," alisema. "Tuliwaachia jina. Usiwanyang'anye." Yalikuwa maneno ya haki, nayo yalimfaa. Aibu yake ilizidi hapo, kwa kuona jinsi yalivyomfaa.

Basi akanyamaza, na sifa zikaendelea kuja. Dukani alisogezewa kiti. Walipotaka kuunda kamati ya ulinzi wa mtaa jina lake lilikuwa la kwanza, alisingizia magoti. Vijana waliompita zamani bila salamu sasa walisimama kumpisha. Kila heshima ilikuwa kofi. Aliacha kuongeza herufi kwenye matangazo. Nyumbani kwa watu aliziacha picha zikipinda. Gari lake alilifunika turubai, shimo lake likiwa ndani, na mkewe alipomwambia aipeleke basi redio ya zamani kwa fundi, alisema mvumo wa nyuki hana haja nao.

Ndipo alipokuja mshonaji.

Alikuja mchana, amejitanda khanga safi kama mtu anayekwenda ofisini, akakataa kiti mpaka alipoombwa mara mbili. Alizungumza akiyatazama magoti yake. Alisema hakutaka kusumbua. Alisema tangu cherehani iibiwe amekuwa akiomba kushonea cherehani za watu, leo ya huyu kesho ya yule, na si kila siku anapewa. Ilikuwa ya mkono, nyeusi, gurudumu lake limefungwa kamba ya buluu mahali pa kushikia, kwa kuwa mpini wa mbao ulipasuka. Alikuwa amesikia kwamba mzee ana jicho la vitu vilivyoibiwa na watu wa sokoni wanamcha. Kama siku moja atapita huko.

Pazia la mlango wa ndani lilitikisika. Mkewe alikuwa nyuma yake. Vidole vyake vya miguu vilionekana chini ya upindo.

Mkaguzi alifikiri atasema ataangalia. Ni neno lisilogharimu kitu, na mama huyu angeondoka nalo akiwa na furaha, akalisubiri mwezi mzima. Alimtazama utosini, pale alipoinama, kwa sababu ya heshima aliyokuja nayo. Ikamjia kwamba mtu huyu anampigia magoti mnunuzi.

"Mama," alisema, "sikuikomboa redio ya dereva. Niliinunua nikijua imeibiwa. Nilitaka kuifunga kwenye gari langu na niliifunga. Ingenyamaza, ningekuwa nayo mpaka leo. Dereva alinisitiri, mimi nikajifunika."

Pazia halikutikisika tena. Mshonaji aliinua uso, na Mkaguzi akajiandaa kwa kile atakachokiona humo, chuki, au dharau, au ule mshangao wa mtu aliyeona kitu kichafu mahali pa kulia chakula. Alimwona anafikiri. Midomo yake ilikuwa ikipanga kitu.

"Kwa hiyo unamjua anayeuza," alisema.

"Namjua. Ana kofia nyekundu."

"Na meza yake unaijua."

"Naijua."

"Mimi nimezunguka kule mara nyingi, kila mtu ananiambia hajui. Sina hata wa kumnyooshea kidole. Polisi wakaniambia nilete mtu aliyenunua kwake." Alisita. "Nilijua hayupo atakayekubali."

Mkaguzi aliiona njia yote mbele yake: kituoni kaunta ndefu, maelezo yanayoandikwa kwa sauti, jina lake kamili, ulimjuaje, ulinunua nini, ulijua au hukujua, na sokoni mchana kweupe, mkono wake umenyooshwa, na watu wa mtaani wakinunua nyanya hapohapo pembeni. Mapacha wangepigiwa simu nyingine. Aliinuka. Magoti aliyoyasingizia yalimuuma kweli.

Alikuwa ametumbukiza mguu mmoja kwenye kandambili za uani pazia lilipofunguka. Mkewe alitoka, macho mekundu, akamsalimu mshonaji, akamwambia amsubiri mzee kidogo. Kisha akamgeukia mumewe na kumtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama alivyokuwa akimtazama enzi zile kabla hajaenda kukagua shule.

"Vaa vile viatu vyeusi," alisema. "Na shati la kola. Wasije wakasema hata kuvaa hatujui."